Muwa Uliomshinda Mwanakheri

Mwanakheri alifika kwa daktari wa meno na kipande cha muwa mkobani, kama ushahidi.

"Huu umenishinda," alisema kwa mdomo uliofunguka kidogo tu. "Mimi! Zamani tulikaa na mama kizingitini tukishindana kutafuna, makapi tukiwarushia mbuzi. Hakuna aliyeniweza."

Daktari, mzee mwenye vidole vinavyonukia karafuu, alimchungulia meno, kisha akambonyeza taratibu mbele ya masikio. Taya likalia, tak.

"Meno yako mazima, mwanangu. Kinachouma ni maungio ya taya. Unayakaza mno, hata usingizini. Wasiwasi hufanya hivyo. Ulianza lini?"

Mwanakheri alitaka kusema mwezi uliopita, mdogo wake wa mwisho alipooa akahama. Badala yake akamsimulia siku waliyomzika mama. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Kilio kilikuwa kimeshamfika kooni, shangazi akamvuta kando akamnong'oneza: "Uma meno, Mwanakheri. Wadogo zako wanakutazama."

Akayauma.

"Na hao wadogo wako wapi sasa?" mzee aliuliza.

"Kila mmoja ana kwake."

"Basi achia, mwanangu. Hakuna anayekutazama."

Miaka yote ile, hakuna aliyewahi kumwambia aachie.

Nje, wagonjwa waliokaa kwenye benchi walisikia mtoto akilia kwa kwikwi. Wakatazamana, maana tangu asubuhi hawakuona mtoto yeyote akiingia.