Kamba ya Magharibi

Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha, na Siwema alikuwa uani akianua nguo.

"Siwema, kamba! Kamba hiyo!" mama mkwe wake alipiga kelele kutoka jikoni.

Akadhani kamba ya nguo inakatika. Akaidaka pale ilipolegea, juu ya mkeka alipokaa mwanawe.

Ilikuwa baridi, tena laini, na ikajikunja ndani ya kiganja chake.

Ndipo akakumbuka kwamba jua likishazama, nyoka hatajwi kwa jina lake.

"Iachie, mwanangu, itakuuma!"

Kichwa kilikuwa kinaning'inia usawa wa uso wa mtoto, naye mtoto anacheka, anakinyooshea vidole.

Siwema akakaza mkono.

"Mchukue mtoto, mama," akasema. "Kamba niachie mimi."