Mshipa wa Bi Mamba

Bi Mamba alikuwa mama asiyevumilia maumivu. Mayai yake yalipokaribia kuanguliwa, jino lilimuuma, akamwita Kigong'ota, ndege tabibu mwenye mdomo mkali.

"Nikatie huu mshipa unaoniuma!"

"Huo ni mshipa wa fahamu, Bi Mamba," alionya Kigong'ota. "Ndani yake mna seli nyembamba kama nyuzi, zinazopeleka habari kwenye ubongo. Maumivu hupita humo, na mguso pia. Nikiukata, taya lako litakuwa kama gogo."

"Nimekwambia kata!"

Kigong'ota akakata, na Bi Mamba akalala usingizi wa raha.

Watoto wakaanguliwa mchangani, wakalia. Mama akawachukua kinywani kuwapeleka mtoni, kama mamba wote wafanyavyo. Njiani hakuwahisi kabisa. Akaogopa wanamponyoka, akazidi kubana taya.

Alipofika majini akafungua kinywa. Hakutoka hata mmoja aliye hai.

"Kigong'ota, niungie mshipa wangu!" alilia.

"Hauungiki, mama. Na hata ungeungika, wao hawarudi."

Bi Mamba akabaki ukingoni, kinywa wazi, akiogopa kukifunga. Waliompita walidhani anaota jua.