Lango la Msitu wa Mianzi

Katika kituo cha treni cha Msitu wa Mianzi, Kyoto, mkazi ni yule anayepokelewa langoni na jirani kwa neno "Umerudi", walau mara moja kwa mwezi. Lango husikiliza. Asiyepokelewa huhesabiwa mtalii, basi.

Bibi Fumie na Mzee Kuwabara, wakazi wa mwisho wa mtaa wao, walipokeana miaka kumi na mitatu. Kisha Kuwabara akafa.

Mwezi ulipokwisha, Fumie alishuka kwenye treni na figili zake za sokoni.

"Nimerudi," aliliambia lango.

"Karibu, mgeni. Treni yako ya kuondoka ni saa kumi na moja," likajibu kwa upole, likamtolea ramani.

Kwenye ramani hiyo, nyumba yake ilikuwa imetiwa nyota: "Nyumba ya kale. Vua viatu."

Alipofika, kizingiti kilikuwa kimejaa viatu. Akatafuta pa kuweka vyake.