Wakwe Wawili na Wavu Mmoja

Mshenga aliingia chumbani kwa mama mkwe wake kwa kunyata, akaivua foronya ya mto, akatoka nayo mbio. Akauvisha mto wa mama yake mzazi, chumba cha pili, kisha ya mama yake akaileta huku. Wazee wenyewe walikuwa uani, wamepeana migongo.

Usimcheke, alijua anachofanya. Kwenye bustani ya wanyama, yeye ndiye aliyewaunganisha wanyama wa aina mbalimbali waishi uwanja mmoja, na jina la Mshenga alipewa na wenzake kwa kazi hiyo. Twiga na mbuni hawana neno. Kobe mweke na yeyote, mradi asikanyagwe. Pundamilia dume ndiye mkorofi wa ukoo. Lakini hata huyo, kabla hujamfungulia, unabadilisha majani ya kulalia, kila mmoja azoee harufu ya mwenzake. Sasa dawa iliyomweza pundamilia itashindwaje na mabibi wawili wenye meno ya kuokoteza?

Walikuja kwa kufuatana. Mama mkwe alianguka kwenye ngazi akaumia nyonga, na nyumba ya mama yake Mshenga iliingia maji. Wakapangiwa chumba kimoja cha wageni. Hata mizigo haijafunguliwa, huyu anataka dirisha wazi, yule anataka lifungwe, na vikombe vikaruka. Ikabidi mume wa Mshenga, fundi friji, amwachie mama yake chumba chake, mwenyewe akahamia kwenye kochi la sebuleni.

Ndiyo, chumba chake. Mshenga na mumewe walikuwa na vyumba mbalimbali siku nyingi. Hawakugombana kwa kelele, walinyamaziana tu, hadi ikawa mtu akikohoa mwenzake anashtuka. Walishakubaliana kuachana. Walichosubiri ni wazee wapatane kwanza, maana utavunjaje nyumba huku mama zenu wanarushiana vikombe? Na wazee hawakuambiwa kitu.

"Foronya hazijasaidia," mumewe alisema jikoni jioni ile. "Wamezinusa tu wakapiga chafya. Kule kazini, baada ya harufu mnafanya nini?"

Mshenga aligeuka kuhakikisha kwamba ni yeye anayeambiwa.

"Tunaweka wavu. Waonane, wasifikiane."

"Wavu ninao."

Kesho yake wakaufunga pamoja katikati ya chumba cha wageni, yeye akishika, mume akikaza skrubu. Mama mkwe akaletwa upande wake na kiti chake.

"Mwanangu," akasema, "umenifungia na huyu kama kuku?"

"Kuku ana adabu," mama yake Mshenga akajibu kutoka ng'ambo. Halafu akamtazama binti yake. "Na wewe unajifanya mtaalamu. Mganga hajigangi!"

Mama mkwe akaupiga wavu kwa mkongojo, akajikokota kurudi chumbani kwa mwanawe.

Wakajaribu chakula. Kanuni ni sahani mbili, pembe mbili, wakati mmoja, asiwepo wa kumwonea mwenzake wivu. Mke na mume wakawa wanasimama koridoni, kila mmoja na sahani yake, wakipeana ishara.

"Wako vipi?" Mshenga ananong'ona.

"Wangu kanuna. Wako?"

"Wangu kakipa chakula mgongo."

Siku hiyo walicheka mpaka wakaketi sakafuni, mchuzi ukamwagika, na hakuna aliyelaumiwa.

Lakini wazee, wapi! Ndiyo kwanza wakazidi. Waligombania redio, ikazimwa, nyumba ikabaki na sauti za watu tu. Waligombania meza ya kulia, kila mmoja akaapa kwamba mwenzake akiigusa yeye hali, basi meza ikasusiwa na Mshenga na mumewe wakawa wanakula jikoni, bega kwa bega, kwenye benchi dogo la kufulia. Jioni moja Mshenga akajikuta amemsogezea mume mnofu bila hata kufikiri. Mume akaula, akasema ahsante.

Halafu pundamilia akamtafuna mkono wa sare. Mshenga akarudi nyumbani mchana kubadilisha nguo, akapitia mlango wa nyuma, akasikia kicheko. Akachungulia chumba cha wageni.

Wavu ulikuwa umeegemezwa ukutani. Wazee wawili walikuwa kwenye kitanda kimoja, miguu chini ya blanketi moja, bakuli la karanga katikati, na dirisha limefunguliwa nusu.

Alitaka kupiga vigelegele. Mshenga kaweza tena! Kisha moyo ukamwanguka. Wamepatana, basi na yeye na mumewe hawana tena sababu. Jioni hii mume ataanza kufunga mizigo. Alisimama pale koridoni na sare iliyoraruka, machozi yakimlengalenga, akajua kwamba hataki. Hataki kabisa.

"Juzi nimewasikia wanacheka," mama mkwe alikuwa akisema, akimmenyea mwenzake karanga. "Mkwe wangu, tumefika mbali."

"Mbali gani?" mama yake Mshenga akajibu. "Mwanao si bado analala kwenye kochi?"

Mama mkwe akatafuna polepole, akafikiri.

"Basi kesho tugombanie sebule."