Ufunguo Kwenye Mizani

Kitendawili! Nyumba yake anaibeba mgongoni, wala si kobe. Mmeshindwa? Basi nipeni mji: ni mjukuu wangu, anayekwenda kutembea milimani peke yake na begi jepesi, hata paka angelibeba.

Asubuhi hiyo alikuwa jikoni, akipima kila kitu kwenye mizani yangu ya unga. Mswaki ameukata mpini. Sweta niliyomfumia aliibusu, akanirudishia.

"Hee! Hata sabuni unaikata?"

"Bibi, si mgongo wangu utakaoibeba?"

"Haya. Na utarudi?"

Mama yake aliondoka hivi hivi, na mpaka leo kimya.

Akauweka ufunguo wa nyumba kwenye mizani. Mshale ukasogea kidogo tu, kama umeguswa na pumzi. Akautazama, kisha akaenda kuutundika kwenye msumari wake karibu na mlango.

Nikavuta kigoda, nikakaa.

Akavaa begi lake, akainama mpaka uso wake ukawa mbele ya wangu.

"Ufunguo wa kazi gani, Bibi, na wewe upo? Nitagonga, unifungulie."