Kumzoesha Asiku

Candiru alijibanza nyuma ya jiko, akisikiliza kilio cha Asiku. Alikuwa amemuaga kwamba anakwenda sokoni. Hakwenda popote.

Mtoto aligonga mlango kwa viganja, akaita mama, mama, mpaka sauti ikakauka. Ndani alikuwa na Viola, msichana mpole aliyefika Awindiri wiki ile kutoka Koboko.

Afisa wa watoto ndiye aliyeshauri: msifanye ghafla. Toka kidogo leo, kesho zaidi, mpaka amzoee mwenzio.

Betty, jirani mpya, alichungulia juu ya ua. "Mama Asiku, mutoto nalia hivi, na wewe iko nasimama tu?"

"Yeye nazoea huyu dada."

"Yaya gani huyu? Hata kubeba mutoto hajui. Wewe napata kazi wapi mpaka naacha yeye?"



Siku ya kwanza Asiku alimng'ata Viola mkono. Siku iliyofuata alimwaga uji wake. Candiru akamwelekeza msichana: uji upoe kwanza, na mtoto asuguliwe mgongo ndipo alale. Viola alisikiliza kila neno, macho hayamtoki mtoto.

"Na usiku, iko naogopa kitu?" aliuliza.

"Mvua. Weka yeye kwa kifua tu."

Ijumaa Asiku alikuwa akifukuza kuku uani. Akajikwaa, goti likachubuka. Candiru ndiye aliyekuwa karibu. Alichutama, akafungua mikono. Mtoto akampita, akamkimbilia Viola na kuficha uso kwenye gauni lake.

Mikono ya Candiru ilibaki wazi. Baadaye kidogo akasema, "Sasa nyinyi naweza kwenda."

Viola alimbeba mtoto, akaja kupiga magoti mbele yake.

"Mama, siku ile sisi nakimbia vita, mimi napoteza yeye pale Koboko, katikati ya watu. Mimi nafikiri yeye nakufa. Mungu bariki wewe. Wewe nachunga mutoto yangu."

Candiru alimwinua bila kumtazama usoni. Mwaka mzima redio ilikuwa ikitangaza habari za mtoto aliyepotea Koboko, pamoja na jina la mama anayemtafuta, na kila mara Candiru alinyanyuka akaizima.