Mate ya Kiwavi

Zamani hizo, wadudu walipokuwa hawali mmea kabla ya kuuchunguza, Kiwavi alikaa siku tatu chini ya Mtama akimkagua. Siku ya nne akamwita jirani yake, Panzi.

"Bi Panzi, njoo ule! Huyu nimemchunguza juu mpaka chini. Hana meno, hana kucha, hana miguu ya kukimbilia. Nimemtukana matusi ya nguoni, hata kuguna hakuguna."

"Na ukimuuma?" Panzi akauliza.

"Atanifanya nini? Tazama."

Akatema mate juu ya jani ili lilainike, maana kwao kula bila kutema kwanza ni kukosa adabu. Kisha akatafuna. Pale pale penye jeraha ikafuka harufu kali, ikatanda shamba zima. Panzi akaruka zake.

"Mwoga wee!" Kiwavi akacheka.

Hata hajamaliza kucheka, Nyigu akatua mgongoni mwake na kuzamisha mwiba.

"Salaale! Umejuaje kama niko hapa?"

"Nimeitwa na Mtama."

"Huyu? Huyu hana mdomo!"

"Wewe unao. Mtama akionja mate yako tu, anatoa harufu ya kutuita sisi. Tulia basi, naweka mayai mwilini mwako. Wanangu wakianguliwa watakula humo humo ndani."

 Kwa hasira Kiwavi akataka kumtemea Mtama, lakini akakumbuka, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akayameza mate yake.